Mwana na Kisogo cha Nina

Kiswahili hakimpendi mwigaji. Anayerudia maneno ya wengine huitwa kasuku. Anayefuata mambo yaliyomzidi kimo huonywa kuwa ukimwiga tembo utapasuka msamba. Na mwanafunzi aliyechungulia daftari la jirani yake huitwa mwizi. Lugha hiyo hiyo ikifika kwa watoto wachanga hubadili sauti. Mwana, inasema, hutazama kisogo cha nina. Aliyeitunga methali hiyo bila shaka aliwahi kumwona mtoto aliyefungwa mgongoni kwa leso: dunia yake inaanzia kwenye shingo ya mama, na kila anachokijua kuhusu jembe, kinu na moto amekiona kwanza kwa kuchungulia juu ya bega.

Katika vijiji vya Machakos, kuanzia Kathiani hadi Mwala na Masinga, shule hiyo ya mgongoni bado haijafungwa. Mama akiinama kupalilia kunde, mtoto huinama naye. Akitwanga mahindi ya muthokoi, mtoto hutikisika kwa mapigo ya mchi. Siku atakapoteremshwa chini na miguu ikamkubali, ataokota kijiti na kuanza kutwanga ndani ya kopo. Hakuna aliyemwagiza, wala hamna punje ndani ya kopo. Lakini mapigo yake hufuatana na ya mama, na kijiti kinaposhuka utasikia hata ule mguno mdogo, "hm", ambao watwangaji huutoa bila wenyewe kujua.

Mchi hauhitaji mguno ili uvunje ganda la mahindi. Kwa nini basi mtoto auchukue nao? Swali hilo, dogo kama linavyoonekana, limewashughulisha wanasaikolojia kwa miaka mingi, na baadhi ya majibu yake yamepatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Ubishi ulianzia kwenye umri. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyewachunguza watoto wake mwenyewe watatu, alishikilia kuwa kuiga ni ujuzi unaojengwa polepole. Mtoto anaweza kuiga mwendo wa mkono kwa kuwa mkono wake anauona. Ulimi wake hajawahi kuuona, kwa hiyo kumwiga mtu anayetoa ulimi kunamshinda hadi anapokaribia kutimiza mwaka. Mwaka 1977 Wamarekani wawili, Andrew Meltzoff na Keith Moore, waliipindua hesabu hiyo katika jarida la Science. Walieleza kuwa watoto wa siku 12 hadi 21 walitoa ulimi walipotolewa ulimi, na wakaachama walipoachamiwa. Miaka sita baadaye walirudi na watoto waliozaliwa punde tu, mmoja wao akiwa na umri wa dakika 42. Habari ikapendwa. Vitabu vya malezi vikaichukua, na kizazi kizima cha wanafunzi wa saikolojia kikafundishwa kuwa binadamu huzaliwa akiwa mwigaji.

Kisha mwaka 2016 kundi la watafiti wa Australia, likiongozwa na Janine Oostenbroek, lilitangaza matokeo ya watoto 106 waliopimwa mara nne, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tisa. Safari hii watoto hawakuonyeshwa ulimi na mdomo peke yake. Walionyeshwa ishara nyingi, zikiwamo uso wa furaha, uso wa huzuni na kidole kinachoelekeza. Watoto walitoa ulimi, naam, lakini waliutoa kiasi kile kile hata walipoonyeshwa mambo mengine kabisa. Kichanga hutoa ulimi akichangamka, na kuona uso wa mtu mzima ukifanya vituko humchangamsha. Meltzoff na wenzake walipinga jinsi upimaji ulivyofanywa, na mabishano hayajaisha. Hata hivyo, anayezisoma hoja za pande zote mbili atauona ushahidi ukimwegemea mzee Piaget kuliko vitabu vya malezi vinavyokubali kusema.

Kwa mwenye kichanga nyumbani, hapo hakuna hasara yoyote. Katika miezi ya mwanzo anayeiga zaidi ni mtu mzima. Mtazame nyanya wa Kikamba aliyempakata mjukuu wa miezi mitatu. Mtoto anasema "agu", nyanya anajibu "agu!" Mtoto anakunja paji la uso, nyanya analikunja lake. Mtoto anapiga mwayo, na nyanya naye, huku akicheka, anaachama. Pengine humwita mtoto kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe, maana majina ya wazee hurudi kwa watoto, na mazungumzo yakawa ya heshima kama ya watu wazima wawili. Celia Heyes, msomi wa Chuo Kikuu cha Oxford, anaamini kuwa hapo ndipo kuiga kunapozaliwa. Mtoto anahisi paji lake likikunjamana, na papo hapo anaona la nyanya likifanya vivyo hivyo. Baada ya mara elfu moja, kile anachokihisi na kile anachokiona vinafungamana. Uso wa mlezi ndio kioo chake cha kwanza. Ikiwa Heyes yuko sahihi, hata uwezo wenyewe wa kuiga hurithishwa kwa malezi, ingawa hakuna anayeuita somo.

(Wako wanaopenda kumaliza mjadala kwa kutaja zile seli za ubongo zilizogunduliwa Parma, Italia, katika miaka ya 1990, ambazo huamka nyani anapotenda jambo na pia anapomwona mwingine akilitenda. Seli hizo ni za kweli. Taabu ni kwamba nyani hao wenyewe si waigaji hodari hata kidogo, kwa hiyo seli peke yake hazitoshi kumweleza mtoto na kopo lake.)

Kujibiwa kuna uzito wake. Ng'ambo ya mto Tana, katika Embu, watafiti akiwamo Marian Sigman waliwafuatilia watoto wadogo katika miaka ya 1980. Waliona kuwa watoto waliosemeshwa mara kwa mara, na ambao sauti zao ziliitikiwa, walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili walipofika umri wa miaka miwili. Na isidhaniwe kuwa mzazi wa kijijini humwachia mtoto ajiokotee kila kitu. Charles Super, aliyeishi Kokwet katika nchi ya Wakipsigis miaka ya 1970, alikuta akina mama wakiwafundisha watoto kuketi na kutembea kwa makusudi. Mtoto alichimbiwa kishimo kidogo akaketishwa humo ili mgongo upate egemeo. Watoto hao waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Katika kutambaa, jambo ambalo hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia.

Mtoto akikaribia mwaka, mzani unageuka. Sasa anapunga mkono wa kwaheri, anapiga makofi, anaweka simu ya kuchezea sikioni na kusema maneno yasiyo ya lugha yoyote. Miezi michache baadaye anaanza kuchagua cha kuiga, na hapa ndipo jina la kasuku linapomwonea.

Mwaka 2002 György Gergely wa Hungaria na wenzake walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa. Watoto wa miezi 14 walimwona mwanamke akiwasha taa kwa kuibonyeza na paji la uso. Kundi moja lilimwona akiwa amejifunika blanketi kwa baridi, mikono yake ikiwa imelishika. Kundi la pili lilimwona akiwa na mikono mitupu juu ya meza. Katika kundi la kwanza ni asilimia 21 tu ya watoto walioiga kutumia paji. Wengi walitumia mkono, kana kwamba wamesema moyoni kuwa mwanamke yule hakuwa na jinsi. Katika kundi la pili walioiga walikuwa asilimia 69. Kama ana mikono na bado anatumia kichwa, basi bila shaka kuna sababu.

Msomaji wa Machakos atalitambua paji hilo la uso. Wanawake wengi wa Ukambani hubeba kuni au jerikeni ya maji mgongoni, mzigo ukining'inia kwa ukanda unaopita kwenye paji. Msichana wa miaka mitatu anapofuatana nao kutoka mtoni hupewa kichupa kisichozidi nusu lita, na hukibeba vivyo hivyo: anafunga kitambaa, anakipitisha kwenye paji, anainama mbele, anatembea kama aliyelemewa. Kichupa hicho kingetosha kiganjani. Ila kwake kubeba maji ni jambo lenye namna yake, na namna hiyo ameiona kwa watu anaowaamini.

Anachokifuata, zaidi ya mwendo wa viungo, ni nia. Meltzoff alionyesha jambo hili vizuri mwaka 1995, katika kazi isiyo na utata kama ile ya vichanga. Watoto wa miezi 18 walimwona mtu mzima akijaribu kutenganisha vipande viwili vya kitu cha kuchezea na mkono ukamteleza kila mara. Hawakuwahi kuona vikitengana. Walipopewa kitu hicho, walivitenganisha. Waliiga alichokusudia, na makosa yake wakayaacha.

Sasa ule mguno.

Katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kiko kisiwa cha Ngamba, ambako tangu mwaka 1998 wanatunzwa sokwe yatima waliookolewa kutoka mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara. Victoria Horner na Andrew Whiten wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walikwenda huko na sanduku lenye chakula ndani. Mtu alichukua kijiti, akakisukuma kwanza katika tundu la juu, kisha akafungua kijimlango cha mbele na kutoa chakula. Sanduku likiwa jeusi, sokwe walifuata hatua zote. Likiwa la kuonekana ndani, walitambua kuwa tundu la juu halifiki popote. Wakaliacha na kwenda moja kwa moja mlangoni. Watoto wa Scotland wa miaka mitatu na minne walipewa masanduku hayo hayo. Wao walisukuma kijiti juu katika sanduku jeusi, na wakasukuma tena katika lile la kuonekana, ingawa macho yao yaliwaambia kuwa ni kazi bure.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005 na kuwashangaza wengi. Sokwe kamshinda mtoto kwa akili? Kwa kazi ya kutoa chakula sandukuni, ndiyo. Lakini fikiria mambo ambayo binadamu analazimika kujifunza bila kuona sababu yake. Kwa nini mihogo mingine iloweshwe kabla ya kuliwa? Kwa nini kunde zikaushwe hivi na mtama vile? Kwa nini mkubwa apokewe kitu kwa mkono wa kulia? Mtoto akidai maelezo kabla ya kila hatua, atakuwa mzee kabla hajapika chungu kimoja. Anachukua kifurushi kizima, pamoja na mguno, kisha maisha yatamchujia. Sokwe huchuja papo hapo, na kwa hiyo hubaki na kile tu anachoweza kukielewa mwenyewe.

Si kwamba sokwe hajifunzi kwa kutazama. Huko Gombe, Tanzania, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, watoto wa sokwe hujifunza kwa mama zao kuvua mchwa kwa ujiti. Elizabeth Lonsdorf alionyesha mwaka 2004 kuwa watoto wa kike, ambao humtazama mama kwa muda mrefu zaidi, huujua ufundi huo zaidi ya miaka miwili kabla ya kaka zao, ambao huwa wanabingirika michezoni. Na kwa binadamu nako tabia haiko sawa kila mahali. Watoto wa Kisan wa jangwa la Kalahari walipopimwa waliiga hatua zisizo na maana kama wenzao wa Brisbane, Australia. Ila watoto wa Waaka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao wazazi wao hawaamrishi sana, waliziiga kwa uchache kuliko watoto wa majirani zao wakulima. Mtoto huiga sana anapoishi kati ya watu wanaosisitiza kuwa kila jambo lina namna yake. Ukambani ni mahali pa namna hiyo.

Anayetaka kuona kifurushi hicho kikifunguliwa na aende Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Wakamba walichonga tangu zamani vigoda vya miguu mitatu vyenye nakshi za waya, na miiko. Lakini twiga, tembo na Wamaasai wenye mikuki waliojaa maduka ya Nairobi na Mombasa ni jambo la karne moja tu, na historia yao husimuliwa kwa jina moja, Mutisya wa Munge. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifika Tanganyika, akawaona wachongaji wa huko wakifanya kazi (wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine Wamakonde), akarudi Wamunyu na kuanza kuchonga. Wanawe wakamtazama. Majirani wakawatazama wanawe. Baadaye ufundi ukashuka na reli hadi Changamwe, Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba walijiundia chama cha ushirika katika miaka ya 1960. Hakukuwa na chuo wala kitabu.

Mtoto wa banda la wachongaji haanzi na tezo. Huanza na msasa, akilainisha ubavu wa tembo aliyechongwa na mwingine, na kwa kulainisha mkono wake unajifunza umbo kabla jicho halijajua jina lake. Halafu rangi na nta. Halafu mnyama mdogo, sikio likikatika hakuna hasara kubwa. Akikosea, mzee haelezi sana. Huchukua kipande, hukata mara mbili tatu mbele yake, humrudishia. Namna ya kukaa, mguu ukiwa umeshikilia gogo, huigwa bila kutajwa.

Wakosoaji wa sanaa wameudharau ufundi huu kwa miaka mingi, wakisema ni twiga yule yule mara elfu. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inasahau jambo moja. Miti ya mpingo na muhugu ilipoadimika, wachongaji hao hao waligeukia mwarobaini na jakaranda, mbao zenye ugumu na nyuzi tofauti kabisa. Mkono uliojifunza kwa kuiga haukukwama.

Katika habari nyingi za malezi mwalimu mkuu wa mtoto huwa mama. Nchini Kenya picha hiyo ina pengo. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Kisii katika miaka ya 1950, na Thomas Weisner, aliyefanya wake kwa Waluhya, walikuta kuwa kwa sehemu kubwa ya mchana mtoto mdogo alikuwa mikononi mwa mtoto mwingine, dada au kaka wa miaka sita hadi kumi. Huyo ndiye aliyeigwa: hatua zake ziko karibu na uwezo wa mdogo, na hachoki kurudia. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na walezi hao wadogo wakaenda shule, kama ilivyokuwa haki yao. Hakuna anayetaka kuwarudisha. Ila nyumba ilibaki na mtoto wa miaka miwili aliyepoteza mwalimu wake, na pengo likajazwa na nyanya, na yaya, na mara nyingi mno na runinga au simu.

Simu ni mwalimu mbovu kwa umri huo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwakutanisha watoto wa Kimarekani wa miezi tisa na wazungumzaji wa Kichina kwa vipindi 12. Waliochezeshwa na mtu mwenyewe walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliowekewa mtu yule yule kwenye video hawakupata kitu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto asiyefikisha mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Mtoto hachagui mema peke yake. Albert Bandura alilionyesha hilo Stanford mwaka 1961 kwa watoto 72 wa chekechea: waliomwona mtu mzima akimpiga mdoli kwa nyundo walimpiga vivyo hivyo, hata kwa maneno yale yale. Machakos haihitaji mdoli. Watazame watoto wakicheza kalongolongo nyuma ya nyumba. Mmoja ni mama, mwingine ni makanga anayeita abiria kwa sauti ya stendi, na atakayekuwa mwalimu hutafuta kwanza fimbo. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Mchezo huo ni ripoti ya ukaguzi isiyoweza kughushiwa.

Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa serikali za kaunti. Ukiingia katika madarasa mengi ya PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, utawakuta watoto wa miaka minne wameketi wakirudia kwa pamoja herufi zilizoandikwa ubaoni. Huko nako ni kuiga, lakini ni kuiga kwa mdomo tu, mikono ikiwa mapajani. Kaunti ya Machakos ingeanza na jambo dogo: mara moja kwa juma mwalimu awapeleke watoto mahali panapofanyika kazi ya kweli, au amlete darasani msusi wa vyondo, aketi, asuke, wala asihutubu. Watoto wapewe konge mbichi na vipande vya msasa. Kwa shule za Wamunyu hata basi halihitajiki. Mabanda ya wachongaji yako pale pale sokoni.